Ameanguka, Hasikii Miguu: Msimkalishe!

Kuumia uti wa mgongo maana yake nini?

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana: 7 za shingo, 12 za kifuani, 5 za kiunoni, kisha mifupa iliyoungana chini yake. Ndani mnapita mshipa mkuu wa fahamu, unaopeleka amri za ubongo na kurudisha hisia. Pingili inaweza kuvunjika na mshipa ukabaki salama. Wengine huumia mshipa njiani, mikononi mwa waokoaji.

Kaanguka mwembeni, au bodaboda imemtupa. Tumwinue tumpe maji?

Hapana. Msimkalishe, msimsimamishe, msimvute mikono. Na tafadhali sana, msimbebe mshikaki kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, shingo inaning'inia. Kila msimu wa maembe tunawapokea hivyo hospitalini, na aliyemleta anajisifu kwamba amewahi!

Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kilingane na kiwiliwili, asikiachie. Wengine watatu au zaidi washike mabega, nyonga na miguu. Wa kichwani ahesabu, mgeuzeni kwa pamoja kama gogo, mwingizieni ubao au mlango chini yake. Akitapika, mgeuzeni hivyo hivyo ubavuni. Maji asipewe. Ikiwa alipo pana moto au magari yanapita, mtoeni kwanza, mwili ukiwa umenyooka.

Mbona anachezesha vidole? Si mzima huyo?

Hapana. Kuchezesha vidole hakuthibitishi kwamba pingili haijavunjika. Mkimkalisha sasa, jioni anaweza asivichezeshe tena.

Kwa nini daktari anamchomachoma na pini badala ya kumpiga picha?

Anatafuta madhara yameanzia wapi. Ganzi ikianzia usawa wa chuchu, ni neva (tawi la mshipa wa fahamu) ya 4 ya kifua. Usawa wa kitovu, ni ya 10. Nguvu ya misuli hupewa alama 0 hadi 5: 0 msuli hautikisiki, 3 anainua kiungo lakini hawezi kushindana na mkono wa daktari, 5 ni nguvu kamili. Vipimo hivi hurudiwa, maana hali hubadilika.

Kuna kipimo cha kidole njia ya haja kubwa, na ndugu wengi hukasirika. Msikasirike. Mgonjwa akihisi pale, au akiweza kubana, mshipa haujaharibika wote, na matumaini ya kurudisha nguvu ni makubwa zaidi. Picha ya eksirei haituonyeshi hilo. Tena eksirei inaweza kuonekana safi na pingili imevunjika, ndiyo maana wengine hupelekwa CT-Scan au MRI, mashine za picha zinazoona ndani zaidi.

Tumkande kwanza nyumbani, au tumpeleke kwa mwunga mifupa, tuone wiki hii?

Hapana. Nasema tena: hapana. Kukanda na kuvuta kunasogeza pingili iliyolegea ikandamize mshipa. Maji ya moto yanababua ngozi isiyohisi, naye hapigi hata kelele. Wakati mnasubiri, kibofu kinajaa, na makalio yanaanza vidonda vya kulalia, ambavyo huanza ndani ya saa chache tu. Wodini tunamgeuza kila saa 2. Nyumbani analala chali siku nzima, anafika kwetu mfupa unaonekana. Siku hiyo hiyo, hospitali.

Mimi sikuanguka. Mgongo unauma siku nyingi, sasa mkojo hautoki.

Weka chini dawa ya kuchua. Mkojo kugoma au kujitokea wenyewe, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, miguu kulegea: hizo ni dalili kwamba neva za mwisho wa mgongo zinabanwa. Upasuaji wa kuzifungulia husaidia zaidi ukifanyika mapema, kwa hiyo usisubiri asubuhi. Ukifika mapokezi usione haya ukasema tu "mgongo unauma", utaambiwa ukae foleni. Sema: mkojo hautoki na huku chini sihisi.