Mashine haisemi kifaa gani kimekufa

Kwenye gereji za Nyakato, Mwanza, fundi akichomeka mashine ya kupimia hitilafu za gari utasikia: "Mashine imesoma, kontroli boksi (kompyuta ya gari) imekufa." Imani hii ni ya siku nyingi, na imewala watu hela. Kodi, yaani alama ya hitilafu inayoonekana kwenye kioo cha mashine, ikianza na B kwa mambo ya bodi au U kwa mawasiliano ya kompyuta za gari, inataja saketi (njia ya umeme) ambayo haiendi sawa. Ndani ya saketi hiyo kuna fyuzi, soketi, waya, ethi (sehemu inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri) na kifaa chenyewe. Kifaa ni kimoja tu kati ya hivyo.

Chukua pikapu inayobeba samaki kutoka mwalo wa Kirumba. Ukikanyaga breki, indiketa nayo inawaka kinyonge. Maji ya barafu yamedondokea boliti ya ethi nyuma ya taa hadi ikashika kutu, basi umeme unarudi kwa kupitia taa jirani. Breki ikiwa imekanyagwa, gusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye ethi ya taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kwangua kutu, kaza boliti. Ukifunga boksi jipya (bei zake mnazijua), indiketa itaendelea kuwaka vilevile.