Kipimo cha neva za moyo kwa mgonjwa wa kisukari

Moyo wa mtu mzima aliyetulia ukipiga mara 75 kwa dakika, wastani kati ya pigo na pigo ni milisekunde 800. Lakini huo ni wastani tu. Pigo moja litakuja baada ya 780, linalofuata baada ya 830, kisha 790. Ukivuta pumzi mapigo hukimbia kidogo, ukiitoa hupungua kasi. Kupishana huku kukififia, huenda neva zinazouongoza moyo zimeanza kuharibika, na kwa mwenye kisukari cha miaka mingi hilo ni jambo la kuchunguzwa mapema. Neva hizo zikifa, mgonjwa anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, au sukari ikashuka asihisi kutetemeka wala moyo kwenda mbio.

Neva ziko pande mbili. Simpathetiki huharakisha moyo, nayo huchukua sekunde kadhaa. Vagasi huutuliza, nayo hutenda ndani ya pigo moja au mawili. Kwa hiyo tofauti ya pigo kwa pigo hueleza zaidi hali ya vagasi. Programu nyingi za kompyuta hutoa namba iitwayo LF/HF, yaani uwiano wa mawimbi ya polepole (LF) na ya haraka (HF) katika kupishana kwa mapigo, na kuiita mizani ya neva. Msiitegemee: LF hubeba kazi ya pande zote mbili, hivyo namba hiyo ikipanda haithibitishi kwamba simpathetiki imezidi. Na vile vifaa vya kushika mkononi vinavyodai kusoma mwili mzima kwa dakika moja havipimi jambo hili hata kidogo.

Mashine ya kawaida ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo na kuuchapa kwenye karatasi, inatosha. Mgonjwa asinywe kahawa, chai ya rangi wala pombe, na asivute sigara, kwa saa 12 kabla ya kipimo. Hapa Tabora swali la tumbaku lina upande wa pili. Mkulima wa Urambo au Kaliua anaweza kuwa havuti kabisa, lakini akichuma majani mabichi yenye umande, nikotini hupenya kwenye ngozi na kupandisha mapigo. Aulizwe basi alikuwa shambani lini. Mwenye homa atibiwe kwanza, apimwe akipona. Anayetumia atenolol, propranolol au amitriptyline, dawa zinazobadilisha mapigo, aseme, iandikwe kwenye faili. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Aliyetoka Sikonge kwa basi au bodaboda alale chali dakika 10 kwanza. Kisha avute pumzi sekunde 5, aitoe sekunde 5, mara sita kwa dakika moja, huku mhudumu akihesabu kwa sauti na karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde. Kwa kila pumzi, tafuta nafasi fupi na ndefu kati ya vilele vya R (ncha ndefu ya kila pigo kwenye mchoro), hesabu viboksi vidogo, na gawanya 1500 kwa idadi hiyo. Viboksi 18 ni mapigo 83 kwa dakika, viboksi 23 ni mapigo 65: tofauti ni mapigo 18. Chukua wastani wa pumzi zote sita. 15 au zaidi ni kawaida, 11 hadi 14 ni ya kutiliwa shaka, 10 au chini ni dhaifu. Kwa wazee tofauti hii hushuka hata wakiwa wazima, kwa hiyo umri uzingatiwe. Anayepumua haraka kuliko anavyohesabiwa ataonekana mgonjwa bure. Mrudie baada ya kupumzika.

Kompyuta ikitumika, rekodi dakika 5 za utulivu, bila kuongea, na usome RMSSD, namba inayoonyesha kwa milisekunde jinsi nafasi zinazofuatana kati ya mapigo zinavyotofautiana. Hapa ndipo makosa yanapojificha. Nafasi za 800, 840, 810 na 850 hutoa RMSSD ya 37 hivi. Pigo moja likiwahi, zikawa 800, 500, 1100 na 800, jibu linaruka hadi 424, na asiyetazama mchoro atadhani neva ni imara mno. Mapigo ya namna hiyo yaondolewe kwanza. Moyo wenye mtetemo wa vyumba vya juu (atrial fibrillation), ambao mapigo yake hayana mpangilio, haupimwi kwa njia hii kabisa.

Mwisho pima presha akiwa amelala, halafu akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, tazama mapigo. Yakipanda sana, pengine ana upungufu wa maji, jambo la kawaida kwenye joto la Oktoba. Anywe maji, apimwe tena. Yasipopanda ipasavyo, neva ndizo za kushukiwa. Mshike asianguke, na mtu huyo asiongezewe dawa ya presha kabla daktari hajaona namba zote za kulala na kusimama.