"Kocha, kompyuta imeshanichambulia"

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena kauli ile, safari hii kutoka kwa mama aliyemleta mwanawe kutoka Mamboleo: "Mwalimu, huyu gemu zake programu humchambulia zote, na usahihi umefika asilimia 90." Mtoto amekwama kiwango kilekile tangu Januari. Katika miaka yangu ya kufundisha sataranji hapa Kisumu, sijaona dhana inayowala vijana muda kama hii, kwamba kompyuta ikishachambua gemu basi umejifunza.

Tuanze na hiyo asilimia. Mpinzani akikuachia malkia bure kwenye hatua ya nane, kazi iliyobaki ni kula na kubadilishana kete, karibu kila hatua ni sahihi, na namba inapanda. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, hutazama hatua yako imepunguza kiasi gani nafasi yako ya kushinda. Ukiwa umetangulia malkia mzima, unaweza kuzembea na nafasi hiyo isitikisike. Gemu uliyoipigania mpaka mwisho ukapata 74 ina mafunzo mengi kuliko hiyo ya 90.

Halafu zile alama nyekundu za makosa. Stockfish, injini yaani programu inayochambua gemu, itakuambia hatua ya 31 ilikuwa kosa kubwa, ungepeleka ngome kwenye mraba wa d1. Ni kweli, injini hiyo inamzidi hata bingwa wa dunia. Lakini haijui ulikuwa unawaza nini. Haijui kwamba macho yako yote yalikuwa kwa mfalme wa mpinzani, ukasahau askofu wake anaitazama ngome yako toka kona ya pili. Chanzo cha kosa kimo kichwani mwako na hufutika upesi: ukishaonyeshwa jibu unasema "aah, hiyo niliiona," unafungua gemu nyingine.

Kijana mmoja wa Kondele nilimwambia anunue daftari la kurasa 96. Kila akimaliza gemu, kabla ya kuwasha injini, aandike: wapi nilidhani nashinda, wapi niliogopa, hatua gani nilicheza bila kujiuliza mwenzangu anataka nini. Pembeni aandike muda aliotumia. Umehifadhiwa palepale kwenye gemu, ila watu hawautazami. Baada ya gemu 12 tukaliweka daftari mezani. Makosa makubwa karibu yote aliyafanya ndani ya sekunde tatu, saa yake ikiwa bado na dakika sita au saba. Na mengi yalikuja mara tu baada ya kula kete. Amekula, amefurahi, kidole kinakimbia. Injini ilikuwa imempa hatua bora mara 12 na hilo haikumwambia hata mara moja. Dawa niliyompa: ukishakula kete, weka simu mezani, ukalie mikono yako, utaje kwa sauti kila kete yako ambayo mpinzani anaweza kuila na kila njia ya kumtisha mfalme wako. Ndipo uguse kioo. Injini iwashe mwisho kabisa, ukiwa na daftari lililojaa, na uitumie kukagua ulichoandika wewe.

"Nikicheza nyingi nitaiva." Gemu 40 za dakika moja kwa usiku zinakufunza wepesi wa kidole. Cheza moja au mbili za dakika 15 zenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, uziandike. Nyongeza inakufaa pia kwa mtandao wetu: ukikatika saa yako inaendelea kuhesabu, na ukirudi na sekunde 20 bila nyongeza umekwisha.

"Nifundishe ufunguzi mkali," yaani hatua za mwanzo za kukariri. Hapana. Anayepoteza farasi bure kila gemu ya pili hana haja ya mistari 18 ya ufunguzi wa Sicilian. Shika katikati, toa farasi na maaskofu, mfalme awe salama mapema, kisha kila siku mafumbo kumi yasiyo na haraka. Lichess huyatoa bure bila kikomo, kwa hiyo hela za usajili wa programu ya kulipia zinunulieni ubao.

La mwisho ni la wazazi wanaojipigia hesabu ya vyeo. "Huyu ana 1700 Lichess, si amempita yule wa 1400 wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia?" Namba hizo ni vipimo viwili tofauti. Lichess humwanzishia kila mgeni 1500 kabla hajasogeza kete, tovuti nyingine, Chess.com, humwanzisha kwa kiwango anachojichagulia. FIDE hawampi mtu namba bure. Lazima acheze angalau gemu tano na wachezaji wenye kiwango chao, ana kwa ana, katika mashindano yaliyosajiliwa, na tangu Machi 2024 matokeo yakionyesha chini ya 1400 haorodheshwi kabisa. Gemu za simu hazihesabiwi humo hata moja.