Kukanusha Kile Ambacho Hakikuandikwa

Habari mbaya ikitoka gazetini asubuhi, afisa habari wa wizara pale Mtumba huharakisha taarifa ya kukanusha. Msemaji wa idara ya ujasusi hana uhuru huo. Kwake kukanusha nako ni kutoa habari: akikana jambo moja leo, kesho akinyamaza juu ya jingine, watu watajua hilo la pili ni kweli. Ndiyo maana husema hathibitishi wala hakanushi, na husema hivyo hata pale ambapo kukanusha kungemsaidia.

Kauli hiyo ina historia inayotuhusu sisi waandishi moja kwa moja. Mwaka 1974 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitumia meli ya Glomar Explorer, kwa kivuli cha biashara za tajiri Howard Hughes, kujaribu kuinua nyambizi ya Kisovieti iliyozama Pasifiki. Habari ilipoanza kuvuja mwaka 1975, mkurugenzi wa CIA, William Colby, aliwasiliana na wahariri akiwaomba wasubiri. Wengi walisubiri, hadi mwandishi Jack Anderson alipoitangaza mwezi Machi. Mwandishi Harriet Phillippi akaomba nyaraka za ushawishi huo kwa wahariri. Alijibiwa kwamba hata kuwepo kwa nyaraka hizo hakuwezi kuthibitishwa wala kukanushwa.

Mfano ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, ni wa Agosti 1996. Gary Webb wa San Jose Mercury News aliandika makala tatu: mtandao wa wauza kokeini uliouza mzigo Los Angeles ulipeleka mamilioni ya dola kwa waasi wa Contra wa Nicaragua, jeshi lililoungwa mkono na CIA. Hakuandika kwamba CIA ilipanga kuwaangamiza Wamarekani weusi kwa kokeini. Lakini gazeti liliziweka makala kwenye intaneti chini ya picha ya mtu anayevuta kokeini juu ya nembo ya CIA. Picha ikasema kile ambacho makala hazikusema, na mlango ukafunguka hapo.

CIA haikuhitaji kulishtaki gazeti. Ilikana tuhuma ile kubwa, ya kupanga, ambayo kuikana kulikuwa rahisi. Magazeti makubwa yaliyopitwa na habari yalifanya yaliyobaki: Oktoba ileile Washington Post, Los Angeles Times na New York Times yote yalichapisha makala za kumpinga Webb. Waraka wa ndani wa CIA uliotolewa hadharani mwaka 2014 unaeleza wazi kwamba uhusiano mwema uliokwisha kujengwa na waandishi ulisaidia. Naomba tuisome sentensi hiyo kwa uzito wake: uhusiano huo ulijengwa kabla ya tatizo kutokea. Webb alihamishiwa ofisi ndogo ya Cupertino, akaacha kazi mwishoni mwa 1997. Oktoba 1998 juzuu ya pili ya ripoti ya mkaguzi wa CIA mwenyewe, Frederick Hitz, ikakiri kwamba shirika liliendelea kufanya kazi na baadhi ya watu waliotuhumiwa kwa dawa za kulevya. Wasomaji walikuwa wamekwisha kuhama.

Kwa hiyo pima vitenzi vyako. Walijua, waliruhusu, walilipa, walipanga: kila kimoja kinadai ushahidi wake. Kiswahili chetu kina neno la hatari hapa, nalo ni "walihusika". Linameza vyote vinne, na msomaji atachagua kibaya zaidi. Lifute. Kichwa cha habari na bango la Instagram vipimwe kwa mizani hiyohiyo, na mwandishi avione kabla havijatoka. Mara nyingi kosa huingia mezani kwa msanifu saa nne usiku.

Kanusho nalo lina ufundi wake wa kusomwa. "Idara haina uhusiano naye" haisemi lolote kuhusu mwaka jana. "Mtumishi wetu hakufanya" haimgusi mtoa taarifa anayelipwa bila kuajiriwa. "Hatujaona ushahidi" huenda maana yake hakuna aliyetafuta. Jibu kwa swali jipya lenye tarehe na cheo.

Hapa Tanzania, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa taasisi siku 30 kukujibu, na usalama wa taifa ni mojawapo ya sababu za kukunyima. Anza basi na karatasi za pembeni: Hansadi za Bunge, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), mafaili ya mahakama. Kesi ya mahakamani ndiyo iliyompa Webb ushahidi wa Danilo Blandón, muuzaji aliyekiri chini ya kiapo.

Tuma maswali kwa maandishi, kila swali kwa tuhuma moja, na toa muda unaotosha; saa mbili kabla ya gazeti kwenda mtamboni ni kuwapa hoja ya bure. Wakijibu, chapisha jibu lote bila kulikata. Wakinyamaza, andika siku na saa uliyotuma, na weka kando ya kila sentensi nzito namba ya karatasi inayoibeba, maana mhariri wa gazeti pinzani ataanza kuitafuta asubuhi hiyohiyo.