"Mkali lakini analeta pesa": tufanye hesabu kamili

Juma lililopita, kwenye kikao pale Upper Hill, Nairobi, mkurugenzi mmoja alinirudishia maneno ninayoyasikia tangu nianze kazi hii ya rasilimali watu: "Madam, yule ni mkali, lakini analeta pesa." Tulikuwa tunamzungumzia meneja wa mauzo. Watu sita wa idara yake wameacha kazi ndani ya mwaka mmoja. Nikamwomba anionyeshe hizo pesa, akafungua ripoti ya mauzo. Basi, kosa liko papo hapo. Mapato ya meneja yameandikwa kwa jina lake, gharama zake zimeandikwa kwa majina ya wengine.

Tangazo la kazi na usaili viko kwenye bajeti yangu. Siku za likizo ambazo aliyeondoka hakuzichukua analipa mhasibu. Saa za kumfundisha mgeni wanazitoa wenzake, na haziandikwi popote. Chukua mfano wa mtu wa mshahara wa shilingi 150,000 kwa mwezi. Anayemrithi akifanya nusu ya kazi kwa miezi mitatu ya mwanzo, hapo tayari zimekwenda 225,000. Kwa watu sita ni 1,350,000, na bado hujamhesabu mteja aliyezoea kuzungumza na yule aliyeondoka.

Tena, aliyejiuzulu anaweza kukushtaki. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mwajiri akivunja mkataba kiasi cha kumfanya mfanyakazi ashindwe kuendelea, kujiuzulu huko huhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kesi hizi si rahisi kushinda, kwa hiyo sikai hapo.

Ninapokaa ni kwenye mahojiano ya kuondoka, yaani ile fomu anayojaza mtu akieleza kwa nini anaacha kazi, kwa sababu ndiyo ngao ya kila mkurugenzi. "Ona, wote wameandika wamepata nafasi bora." Jamani! Kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinamlazimisha mwajiri kutoa cheti cha utumishi: kazi aliyofanya mtu, wapi, kuanzia lini hadi lini. Hakimlazimishi kusema lolote kuhusu tabia au utendaji wake. Neno jema analipata kwa hiari ya bosi yuleyule anayemkimbia, na katika benki na bima za mji huu watu wanajuana. Wa Westlands alifanya kazi na wa Mombasa Road. Mara nyingi fomu hiyo hujazwa kabla meneja huyo hajatia sahihi makabidhiano, na bila sahihi malipo ya mwisho yanachelewa. Nani ataandika ukweli katika hali hiyo? Mimi huwapigia simu baada ya miezi sita, wakishatulia kwingine. Mmoja alinieleza kwa dakika arobaini mambo ambayo kwenye fomu alikuwa ameyaita "maendeleo ya kitaaluma".

Huangalia pia nani ametangulia kuondoka. Hutangulia wanaoweza kupata kazi mahali pengine. Wanaobaki hujifunza kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko gharama kubwa kuliko zote. Mteja anadokeza Januari kwamba hatasaini tena, ofisi inajua Aprili, kwa kuwa aliyesikia alimwona mwenzake akitukanwa kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku kwa kuleta habari kama hiyo.

Na naomba tusichanganye ukali na sumu. Bosi anayekurudishia ripoti mara tatu kwa sababu hesabu hazilingani ni mkali, na nitamtetea mbele ya bodi yoyote. Mwenye sumu huchukua kazi yako akaiwasilisha kama yake, hubadilisha malengo katikati ya mwezi, kisha humwadhibu anayemwambia kwamba mambo yameharibika. Swali langu huwa moja: mara ya mwisho mtu kumpelekea habari mbaya kwa hiari yake ilikuwa lini?

Mashaka ninayo. Mwaka 2015 watafiti Michael Housman na Dylan Minor walionyesha kwamba kuepuka kuajiri mtu mwenye sumu kunaokoa takriban dola 12,500, ilhali mfanyakazi aliye katika asilimia 1 ya juu kabisa huongeza kama dola 5,300. Takwimu hiyo naitumia, ila walichunguza wafanyakazi wa kawaida, si viongozi. Naamini kiongozi huharibu zaidi, lakini wao hawakuthibitisha hilo. Wala siwezi kuapa kwamba wote sita walimkimbia meneja. Tangu makato ya nyumba ya asilimia 1.5 na ya afya ya asilimia 2.75 yaingie, wapo wanaohama kutafuta mshahara tu. Na mtu wa aina hii nimewahi kumpendekeza mwenyewe. Alijibu vizuri, wadhamini aliowachagua wakamsifu. Watu wanne waliumia kwa uamuzi wangu. Siku hizi sikubali jina la meneja kabla sijazungumza na mtu aliyewahi kuwa chini yake.

Mkurugenzi aliniuliza nataka nini. Nikamwomba gharama za wale sita ziandikwe kwenye ripoti ileile ya mauzo, chini ya jina la meneja, kwa robo moja tu ya mwaka. Amemwagiza mhasibu. Tunakutana tena Ijumaa.