Aliyezaliwa Punjab akaongoza British Columbia: majibu kwa wanaotuuliza kama mhamiaji anaweza kuwa waziri

Tangu tuanze kampeni ya kuwahimiza wazungumzaji wa Kiswahili hapa British Columbia wajiandikishe kupiga kura, swali moja linatufuata kila tuendako, msikitini, kanisani, hata matangani: je, mtu aliyezaliwa nje ya Kanada anaweza kuwa mbunge au waziri? Wengine hata hawaulizi. Wanatuambia moja kwa moja kwamba haiwezekani, kwa sababu wamesikia sharti la Marekani, kwamba rais awe raia wa kuzaliwa, wakalihamishia huku. Haipo sheria ya namna hiyo Kanada. Waziri mkuu wa kwanza wa nchi hii, John A. Macdonald, alizaliwa Glasgow.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maneno, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kanada ina majimbo kumi, na kila jimbo lina bunge lake, mawaziri wake na kiongozi wa serikali yake. Ndugu zetu kutoka Kongo hawana shida na neno “jimbo”, lakini Mtanzania akilisikia anafikiria eneo la mbunge mmoja. Katika makala haya jimbo ni British Columbia au Alberta nzima; sehemu inayomchagua mbunge mmoja nitaiita eneo bunge, kama Wakenya. Kiongozi wa serikali ya jimbo nitamwita waziri kiongozi. Wazanzibari wenye umri wa kukumbuka mambo ya kabla ya 2010 watanielewa haraka zaidi.

Sasa tumtazame Ujjal Dosanjh. Alizaliwa Dosanjh Kalan, kijiji cha Punjab, India. Mwaka 1964 alihamia Uingereza akiwa kijana, na mwaka 1968 akaja Kanada. Hakuja na cheo. Alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao mpaka akaumia mgongo, ndipo akarudi darasani. Alisoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, kisha sheria Chuo Kikuu cha British Columbia, na mwaka 1979 alifungua ofisi yake ya uwakili Vancouver.

Mwaka huohuo wa 1979 aligombea ubunge wa jimbo kwa tiketi ya NDP (New Democratic Party), chama cha mrengo wa kushoto, akashindwa. Akagombea tena 1983. Akashindwa. Nawaomba msikimbilie mbele, kwa sababu watu wanaokuja kwetu wakitaka kugombea huuliza kuhusu ushindi tu. Kati ya kushindwa mara ya pili na kushinda ilipita miaka minane, na ndani ya miaka hiyo mtu huyu alikaribia kuuawa. Alikuwa akikemea hadharani vurugu za Masingasinga wenye msimamo mkali waliotaka nchi yao huru, Khalistan. Mwezi Februari 1985 alivamiwa nje ya ofisi yake akapigwa kwa nondo, mkono ukavunjika, na kichwa kikashonwa nyuzi zipatazo 80. Miezi michache baadaye, Juni 1985, bomu lililopandikizwa ndani ya ndege ya Air India iliyotoka Kanada liliua watu 329. Alichokuwa akikionya kilikuwa cha kweli, na kilitokea ndani ya jamii yake mwenyewe. Mhamiaji anayetaka siasa huku hukutana na ubaguzi wa wenyeji, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi mtihani wa kwanza hutoka kwa watu wa kwao, wanaotaka awe msemaji wao na si mbunge wa eneo zima.

Alishinda mwaka 1991, eneo bunge la Vancouver-Kensington. Hakuwa mtu wa kwanza kupita njia hiyo. Mwaka 1972 Rosemary Brown, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote Kanada, na ilikuwa hapahapa British Columbia. Chama chake kiliunda serikali, lakini hakupewa wizara. Emery Barnes, mzaliwa wa New Orleans, aliingia naye mwaka huohuo na baadaye, 1994, akawa Spika. Ninawataja kwa sababu kuchaguliwa na kuwa waziri ni vitu viwili tofauti. Wapiga kura wanachagua mbunge. Waziri huteuliwa na Luteni Gavana, mwakilishi wa Mfalme, kwa ushauri wa waziri kiongozi, na kwa vitendo maana yake ni waziri kiongozi peke yake. Hakuna fomu ya kuomba uwaziri. Mmetuuliza fomu hiyo zaidi ya mara moja.

Dosanjh aliingia baraza la mawaziri mwaka 1995, na kabla mwaka haujaisha akawa Mwanasheria Mkuu. Huku Mwanasheria Mkuu ni mwanasiasa aliyechaguliwa na wakati huohuo mshauri mkuu wa sheria wa serikali, na kofia hizo mbili hugongana. Alishika wadhifa huo karibu miaka mitano. Mwaka 1997 alipeleka bungeni marekebisho ya sheria ya familia yaliyowapa wapenzi wa jinsia moja haki na wajibu wa matunzo sawa na wenzi wengine, jambo ambalo hakuna jimbo lingine Kanada lilikuwa limelifanya. Najua wapo wasomaji wasiokubaliana nalo. Nalitaja kwa sababu baadhi ya jamii za wahamiaji zilimpinga pia, na alikwenda mbele.

Kofia zilikuja kugongana Agosti 1999. Waziri kiongozi wa wakati huo, Glen Clark, alikuwa bosi wake na mwenzake wa chama. Polisi walikuwa wakichunguza suala la leseni ya kasino lililomhusisha mtu aliyewahi kumfanyia Clark kazi za ujenzi nyumbani. Dosanjh, akiwa Mwanasheria Mkuu, ndiye aliyetangaza kwamba waziri kiongozi anachunguzwa kwa jinai. Clark akajiuzulu. Alishtakiwa, na mwaka 2002 mahakama ikamwachia huru. Hilo lisemwe wazi, kwa kuwa mitandaoni bado anaitwa mwizi na watu wasiojua hukumu.

Chama kilifanya uchaguzi wa kiongozi mpya, na tarehe 24 Februari 2000 Dosanjh akaapishwa kuwa waziri kiongozi, wa kwanza mwenye asili ya Asia Kusini kuongoza jimbo lolote la Kanada. Wasiomjua husema “alipata bahati”. Alipokea serikali iliyochokwa. Katika kampeni ya 2001 alikiri hadharani kwamba chama chake kitashindwa siku kadhaa kabla ya kura, akiomba wananchi wasikifute kabisa. Tarehe 16 Mei 2001 NDP ilipata viti 2 kati ya 79. Yeye mwenyewe alipoteza kiti chake.

Mwaka 2004 alihamia chama cha Liberal cha kitaifa, akachaguliwa mbunge wa Vancouver South, na Waziri Mkuu Paul Martin akamfanya Waziri wa Afya wa nchi nzima hadi Februari 2006. Mwaka 2008 alibaki bungeni kwa tofauti ya kura 20, baada ya jaji kusimamia kuhesabiwa upya. Kura ishirini! Mabasi mawili ya daladala yangeamua vingine. Mwaka 2011 mpinzani ambaye Dosanjh alikuwa amemshinda kwa kura hizo 20, Wai Young, mzaliwa wa Hong Kong, alirudi akamwangusha.

Haya, tuje kwenye taratibu.

Kugombea ubunge wa British Columbia kunahitaji uwe raia wa Kanada, uwe na miaka 18 siku ya kupiga kura, na uwe umeishi katika jimbo walau miezi sita kabla ya kuwa mgombea. Kisha saini za wapiga kura wa eneo bunge lako na dhamana ya fedha. Mahali ulipozaliwa hapaulizwi kama sifa. Neno linalobeba mzigo wote ni raia. Mkazi wa kudumu si raia, hata kama amekaa miaka thelathini, analipa kodi na ana nyumba yake Surrey. Wapo waliopokea kadi ya mpiga kura kwa makosa wakaenda kupiga kura wakidhani serikali imewaruhusu. Kupiga kura bila kuwa raia ni kosa, adhabu yake ni faini ya maelfu ya dola na inaweza kufika kifungo, na linaweza kuvuruga maombi yako ya uraia. Ukipata kadi hiyo nawe si raia, usiitumie. Wapigie waliokutumia wakufute.

Uraia wenyewe unahitaji siku 1,095 za kuwepo Kanada ndani ya miaka mitano kabla ya tarehe uliyosaini ombi. Tarehe ya kusaini, si ya kupeleka. Siku ulizokaa kihalali kabla ya kuwa mkazi wa kudumu huhesabiwa nusu nusu, na zote kwa pamoja hazizidi 365. Safari za nyumbani hupunguza hesabu, na msiba wa Bujumbura haukupi msamaha. Wenye miaka 18 hadi 54 wanathibitisha lugha na kufanya mtihani wa maswali 20, ambapo 15 sahihi ndiyo alama ya kufaulu. Ukidanganya tarehe za safari ili kutimiza siku, ombi linaweza kukataliwa na ukafungiwa miaka mitano kuomba tena. Na uraia uliopatikana kwa udanganyifu hunyang'anywa hata baada ya kiapo. Tafadhali leteni pasipoti zote, za zamani pia. Kila mwezi mtu anakuja na moja.

Jambo la kupoteza uraia wa nyumbani tulisema mwaka jana na nalirudia kwa ufupi. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010. Burundi inaruhusu. Tanzania, chini ya sheria ya 1995, hairuhusu kwa mtu mzima, na katiba ya Kongo inasema uraia wake hauchanganyiki na mwingine. Uamuzi ni wako. Sisi hatumshauri mtu achague lipi.

Halafu fedha. Tangu 2017 British Columbia imepiga marufuku michango ya siasa kutoka makampuni, vyama vya wafanyakazi na watu walio nje ya jimbo. Anayeruhusiwa ni mtu binafsi anayeishi hapa, raia au mkazi wa kudumu, na kuna kikomo cha mwaka kilichoanzia dola 1,200. Kwa hiyo ile harambee ya WhatsApp, binamu wa Minnesota, shemeji wa Dubai na rafiki wa Nairobi kila mmoja atume kidogo, ni kosa hata kama nia ni njema. Mgombea akigundua mchango haramu ana siku 30 kuurudisha. Na kukusanya fedha za watu ukazipeleka kwa jina lako moja pia ni kosa. Najua kwetu ndivyo michango ya arusi inavyokwenda.

Wasichokijua wengi ni kwamba mkazi wa kudumu anaweza kuchangia, kujitolea kwenye kampeni, na kwa kanuni za vyama kadhaa, kujiunga na chama na kupiga kura ya kumteua mgombea wake. Mikutano hiyo ya uteuzi huwa na watu wachache ukumbini. Eneo bunge likiwa ngome ya chama, mbunge amepatikana usiku ule, miezi kabla ya uchaguzi.

La mwisho linanichosha kidogo. Tunapigiwa simu tuunganishwe na “waziri wa kwetu” asaidie viza, talaka au faini ya barabarani. Pasipoti, uraia na viza ni kazi za serikali kuu. Wabunge wa jimbo hawana mamlaka hayo. Na katika mambo ya mahakama na polisi, hata waziri mwenyewe hana ruhusa kuingilia kwa faida yake. Kaycee Madu, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa mtu wa kwanza mweusi kuwa Waziri wa Sheria Kanada, katika serikali ya Alberta mwaka 2020. Machi 2021 aliandikiwa faini ya dola 300 akidaiwa kutumia simu akiendesha gari. Akampigia mkuu wa polisi wa Edmonton. Faini aliilipa, lakini habari zilipotoka Januari 2022 aliwekwa kando, jaji mstaafu Adèle Kent akachunguza, akaona kwamba alijaribu kuingilia mwenendo wa haki ingawa hakufanikiwa kuuingilia. Wizara ya Sheria ikaondoka mikononi mwake, akahamishiwa nyingine.

Na Naheed Nenshi, meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021 na tangu 2024 kiongozi wa NDP Alberta, mnayemwita Mtanzania: wazazi wake ndio waliotoka Tanzania. Yeye alizaliwa Toronto. Tusiendelee kusambaza picha yake na maneno “mzaliwa wa Dar”.

Kwa wanaotaka kukokotoa siku zao za uraia, tunapokea watu kwa miadi tu. Andika kila safari, tarehe ya kutoka na ya kurudi, kabla hujaja. Tukianza kukumbushana mezani, saa moja inakwisha tukiwa bado kwenye Krismasi ya mwaka juzi.