Je, wajua kwa nini kovu la moto huvimba wakati kidonda kimeshafunga?

Sufuria moja ya chai ikiwamwagikia watoto wawili, mmoja anaweza kubaki na baka jepesi linalofifia baada ya miezi michache, na mwenzake akabaki na kovu nene, gumu, linalomwasha usiku hadi akose usingizi. Watu watasema huyu wa pili ana ngozi mbaya, au alipewa chakula asichotakiwa kula. Ngozi ina mchango wake, hilo ni kweli. Lakini linaloamua zaidi ni moto ulizama kiasi gani, na kidonda kilichukua siku ngapi kufunga.

Chini ya ngozi ya juu, ambayo ni nyembamba sana, kuna ngozi ya ndani yenye mishipa ya damu, tezi za jasho na mashina ya nywele. Moto ukiishia juu, ngozi hujirudishia hali yake bila kovu. Ukiingia ndani kidogo, bado ipo akiba: kwenye mashina ya nywele na tezi za jasho kuna seli zinazoweza kupanda na kufunika kidonda. Kidonda cha aina hiyo ukikiangalia kwa karibu kikiwa kinapona, utaona vidoa vidogo vya ngozi mpya vikichipuka katikati, si pembeni tu. Moto ukiteketeza hadi mashina hayo, akiba imekwisha. Ngozi mpya italazimika kutambaa kutoka kwenye kingo, taratibu mno.

Ndiyo maana maji ni muhimu kuliko chochote mtu anapoungua. Joto lililoingia kwenye nyama huendelea kuchoma hata chai ikishapanguswa. Maji safi ya kawaida, yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, hupunguza kina cha jeraha, na bado yanasaidia ndani ya saa tatu za mwanzo. Dawa ya meno, unga na mayai havifanyi kazi hiyo. Vinafunika jeraha tu na kukaribisha vijidudu. Barafu nayo inaweza kuiumiza ngozi zaidi.

Sasa turudi kwenye kidonda kilichozama. Kadiri kinavyokaa wazi, ndivyo seli za kinga zinavyoendelea kumwaga kemikali za kuziita seli za ujenzi, ziitwazo fibroblasti. Hizi hutengeneza kolajeni, nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara wake. Kwenye ngozi nzima nyuzi hizo zimesukwa kama ukili wa mkeka, zikipishana huku na huku. Kwenye kidonda mwili una haraka ya kuziba pengo, kwa hiyo nyuzi zinarundikwa, nyingine zikijiviringisha mafundo mafundo. Kwa kawaida kazi ikiisha, seli za ujenzi hupungua na nyingi hufa zenyewe. Kwenye kidonda kilichochelewa kupona hazipati ishara ya kuacha. Zinaendelea kurundika huku mishipa midogo ya damu ikibaki mingi, na kovu linainuka, likiwa na wekundu au weusi uliokoza.

Kidonda kikifunga ndani ya wiki mbili, mara nyingi hakiachi kovu la kuvimba. Kikivuka wiki tatu, hatari inapanda sana. Ndiyo sababu daktari akiona jeraha limezama hushauri kupandikiza ngozi mapema, hata kama familia ingependa kusubiri.

Linaloumiza ni kwamba uvimbe huanza wakati watu wameshapumua. Kidonda kimefunga, bandeji zimetupwa, kliniki imeachwa, kisha mwezi wa pili au wa tatu kovu linaanza kupanda. Miji ya Hiroshima na Nagasaki huko Japani ilishuhudia hilo kwa kiwango cha kutisha. Mabomu ya atomiki yaliangushwa huko Agosti 1945, na makovu mazito ya waliobabuka kwa joto lake yalionekana kwa wingi zaidi mwaka 1946 na 1947. Mwaka 1955 wasichana 25 wa Hiroshima walipelekwa New York, katika hospitali ya Mount Sinai, wakafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 100 kwa jumla. Miongoni mwao walikuwapo ambao, kabla ya upasuaji, vidole au shingo havikuweza kunyooka.

Kutonyooka huko kuna sababu yake. Baadhi ya seli za ujenzi hupata nguvu ya kuvuta kama misuli, zikikaza kingo za kidonda zikutane. Tumboni hilo halina madhara makubwa. Kwenye kiwiko, kwapa au shingo linakunja kiungo. Mgonjwa hupenda kukaa amejikunja kwa sababu maumivu yanapungua, na mkao huohuo ndio unaomfunga. Ni bora alie kidogo akinyooshwa kila siku, na alale na gango, kifaa cha kukishikilia kiungo kikiwa kimenyooka.

Kovu la kuvimba hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, na kwa kawaida hulegea lenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Keloidi ni jambo jingine: huvuka mipaka na kuivamia ngozi ya jirani isiyojeruhiwa, hupenda masikio, kifua na mabega, huwapata zaidi wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi hurithiwa. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, kwa kawaida hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza.

Tiba zipo, ila zinataka uvumilivu: nguo za kubana zinazovaliwa karibu siku nzima kwa miezi mingi, vibandiko vya silikoni, kukanda kovu kwa mafuta, na sindano za steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, kwa makovu yaliyo sugu. Mtoto aliyeungua kwapani akiwa na miaka 2 anahitaji kuonwa na daktari hadi amalize kukua, kwa sababu mkono unarefuka na kovu haliendi na kasi hiyo.